Ratiba ya chuo ivuke lango

Anayeishi karibu na chuo cha maendeleo ya wananchi, popote Tanzania Bara, anajua habari za kutarajia kutoka chuoni. Litatoka tangazo la nafasi za masomo, lenye orodha ya fani, ada na vifaa vya bweni. Litatoka tangazo la mahafali, lenye jina la mgeni rasmi. Mara moja moja atasikia kwamba kiongozi fulani anakuja kukagua karakana mpya au kuweka jiwe la msingi. Mkulima wa ufuta, fundi baiskeli, mama lishe na kijana wa bodaboda wanaopita mbele ya lango lile lile kila siku hawamo katika ratiba hiyo, labda wawe wazazi au ndugu wa wahitimu. Hoja yangu ni kwamba ratiba ya namna hii ni finyu kuliko kusudi lililovianzisha vyuo hivi, na kwamba kuipanua ni kazi ya msingi ya chuo, isiyostahili kungojea mwaka ambao fedha zitabaki.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa ushirikiano na Sweden, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na shule za watu wazima za nchi za Skandinavia. Mbegu yake ilipandwa Denmark, ambako shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kutokana na mawazo ya N.F.S. Grundtvig, mchungaji na mshairi aliyeshikilia kwamba mkulima mtu mzima anastahili elimu hata kama hana mtihani wa kufanya mwisho wa mwaka. Tanzania ililichukua wazo hilo na kulipa sura yake. Kijiji kilimteua mtu wake, kikampeleka chuoni akajifunze useremala, uashi, ufugaji, ushonaji au utunzaji wa hesabu za duka la ushirika, kisha arudi kufanya kazi hiyo nyumbani. Aliyekwenda alikwenda kwa niaba ya wenzake. Kwa hiyo yaliyofundishwa chuoni yalikuwa habari ya kijiji kizima, kwa sababu kijiji ndicho kilichomtuma mtu na ndicho kilichokaa kusubiri faida yake.

Tena vyuo vile havikuzaliwa peke yake. Vilizaliwa katikati ya juhudi kubwa za elimu ya watu wazima, na inafaa kuzitazama juhudi hizo kwa makini, maana ndimo ulimo ushahidi wenye nguvu kuliko mwingine wowote ninaoujua kuhusu namna habari inavyogeuka kuwa elimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Redio ilikuwa chombo chake kikuu, lakini redio peke yake isingeweza. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi walikuwa wameshapewa mafunzo, vijitabu vimeshachapishwa, na watu wameshajua wakutane wapi, siku gani na saa ngapi. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, wakaamua la kufanya, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyofuga mbu. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, hesabu rasmi za serikali ziliwaweka wasiojua kuwa karibu mmoja kati ya kumi. Hata anayezitilia shaka hesabu hizo kidogo hawezi kukana ukubwa wa mabadiliko yenyewe. Tangazo lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa na saa, mahali, kikundi kinachosubiri na jambo la kutenda baada ya kusikia.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1990 vyuo viliondolewa katika wizara ya elimu vikapelekwa katika wizara ya maendeleo ya jamii, na baada ya robo karne hivi vikarudishwa elimu. Katika safari hiyo mafungu yalipungua, majengo yakachakaa, na chuo kimoja kimoja kikajitafutia njia ya kuishi. Njia iliyopatikana ni kozi ndefu za ufundi zinazoishia katika mitihani ya VETA: umeme wa majumbani, ufundi magari, uchomeleaji, ushonaji. Siwalaumu wakuu wa vyuo kwa hilo. Kozi ndefu ina ada inayotabirika, ina mtaala, ina mtihani, na mkaguzi akija ana kitu cha kuhesabu. Kozi ya wiki mbili ya kutengeneza pampu za maji au kukausha matunda haina hayo yote, ndiyo maana inakuwa ya kwanza kuachwa.

Hata hivyo, mlango ulipofunguliwa kwa kundi jipya, kundi hilo limekuja. Mfano ulio wazi ni mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa katika vyuo hivi pamoja na shirika la Karibu Tanzania, kwa ajili ya wanawake vijana waliokatiza masomo, wengi wao kwa sababu ya ujauzito. Ulianza wakati ambapo msichana aliyejifungua hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya kawaida ya serikali; ruhusa hiyo ilitangazwa Novemba 2021. Mpango huu uliunganisha masomo ya sekondari na ufundi, ukaweka pia malezi ya watoto ndani ya chuo, ili mama awe darasani huku mwanawe akicheza na kufundishwa hatua chache tu kutoka hapo. Aliyeupanga alijiuliza kwanza kitu gani kinamzuia mtu huyu kuvuka lango, kisha akakiondoa. Swali hilo hilo linaweza kuulizwa kwa ajili ya fundi baiskeli, na jibu lake halitakuwa gumu zaidi. Kwake yeye kikwazo ni muda: hawezi kufunga kibanda miaka miwili, lakini jioni tatu kwa wiki anaweza.

Marekani, ambako vyuo vya jamii vimekuwapo kwa zaidi ya karne moja, jambo hili limekubalika tangu zamani. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita, ndani ya shule ya sekondari. Tume iliyoundwa na Rais Truman ilipotoa ripoti yake mwaka 1947, ilitaka vyuo vya aina hiyo viwe pia vituo vya elimu na utamaduni kwa watu wote wa eneo lao. Ndiyo maana ratiba za vyuo hivyo leo zina darasa la jioni, onyesho la tamthilia, upimaji wa afya na mafunzo ya Kiingereza kwa wahamiaji, na mkazi wa mji huo hahitaji kuwa mwanachuo ili ahusike. Fedha zao na zetu hazilingani kabisa, hilo najua. Ninachokitolea mfano ni uamuzi wa kumhesabu jirani kuwa mtu wa chuo, na uamuzi huo hautoki katika utajiri.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni hilo la fedha. Wakufunzi ni wachache, na mwalimu aliyefundisha karakana kutwa nzima hawezi kuombwa arudi jioni kwa ahsante tu. Ni kweli, na anayepanga kozi za jioni bila kupanga posho anajidanganya. Lakini fedha zinazohusiana moja kwa moja na kazi hii zipo katika kila halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kikundi kinachopewa mkopo wa kufuga kuku au kushona sare za shule kinahitaji mafunzo kabla ya kushika hela, na mahali pa mafunzo hayo pana jiko, cherehani, banda na walimu: ni chuo cha wilaya. Halmashauri ikikilipa chuo kwa mafunzo hayo, kwa tarehe zilizotangazwa mapema, mkufunzi atapata posho yake na mkopo utakuwa na matumaini zaidi ya kurejeshwa.

Wengine watasema kwamba vijana wanataka cheti, na kwamba kuwachanganya na watu wa kozi fupi kutaishusha hadhi ya chuo. Nadhani ni kinyume chake. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika baadhi ya shule za sekondari, kwa hiyo watakuwapo vijana wengi zaidi wenye cheti cha ufundi, na cheti peke yake kitazidi kuwa kitu cha kawaida. Kitakachompa mhitimu wa umeme kazi mjini Masasi au Sengerema ni kufahamika kwa watu wenye nyumba za kuwekewa nyaya. Siku ambayo wananchi wanaleta redio, pampu na cherehani zao chuoni, zikatengenezwa na wanachuo chini ya macho ya wakufunzi, mwanachuo anajifunza kwa kifaa halisi na anapata mteja wake wa kwanza. Karakana hupata kazi, na mtaala haupungukiwi na kitu.

Lipo pia wazo kwamba siku hizi matangazo yako mkononi, kila chuo kina ukurasa mtandaoni na kundi la WhatsApp, basi nani asiyepata habari? Anayepata ni yule ambaye tayari yumo kundini. Mwanamke wa miaka 45 anayeuza dagaa mnadani hajaungwa humo, na hata akitumiwa tangazo, tangazo lenyewe ni la mahafali. Habari imfikie alipo: kwa mtendaji wa kijiji, msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kanisani baada ya ibada, redio ya wilaya, kipaza sauti cha siku ya gulio. Na iwe habari ya jambo analoweza kulifanya.

Hilo la kwamba "wananchi wakiitwa hawaji" ndilo linalonisikitisha kuliko yote, maana husemwa kana kwamba ni tabia ya watu, ilhali mara nyingi ni tarehe iliyokosewa. Ukiitisha kozi Newala wakati wa kuvuna na kuuza korosho, mwezi wa Oktoba au Novemba, hutampata mtu, na hupaswi kumlaumu. Ukiiweka baada ya malipo ya korosho kutoka, mtu ana nafasi, na ada ndogo anayo mfukoni. Kwingineko ni mpunga, kwingineko ni mwezi wa Ramadhani, kwingineko ni msimu wa uvuvi. Chuo kinachojua mazingira yake hakishindwi kuyapanga haya kikikaa na watendaji wa kata siku moja. Vyuo vya serikali vya aina hii ni 54. Kila kimoja kinapotoa fomu za kujiunga kwa mwaka unaofuata, kitoe pamoja nazo ratiba ya pili ya wasiolala bwenini, yenye kozi, tarehe, ada na jina la mkufunzi, na wizara ikija kukagua iulize watu wangapi wa kata za jirani walihudhuria, sambamba na swali la wangapi walifaulu mtihani.