Barafu ya Mbali, Maji ya Mlangoni Petu



Mama anayeanika dagaa kando ya ziwa hahitaji kufundishwa kwamba mwamba mweusi hunyonya joto la jua, na kitambaa cheupe hulirudisha. Ndivyo ilivyo katika Ncha ya Kaskazini. Barafu nyeupe ya bahari hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua; ikiyeyuka, maji meusi yaliyofunuliwa humeza joto na kuyeyusha barafu zaidi. Tena, kwetu joto hupandishwa juu na mawingu mazito ya mvua, bali kule hewa baridi hulibakiza karibu na uso wa nchi. Kwa sababu hizo, tangu mwaka 1979 eneo hilo limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

Yatuhusu nini sisi wa Mwanza? Kwanza, joto lisilorudishwa angani huwa mzigo wa dunia nzima. Pili, barafu ya nchi kavu ya Greenland huinua bahari, nayo hutishia Rufiji, Pangani na Unguja. Tatu, mkanda wa mvua unaotuletea vuli na masika huvutwa kuelekea upande wa dunia wenye joto zaidi.

Hatusemi kwamba barafu ile ndiyo iliyojaza Ziwa Viktoria mwaka 2020, lilipofikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Mvua zile kubwa zilihusiana na joto la Bahari ya Hindi. Tunasema kwamba mizani ya dunia ikiyumba, maskini wa ufukoni ndiye wa kwanza kuloa.

Hapo ndipo penye suala la haki. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na viwanda na mafuta. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na madhara; hatuna budi kudai ahadi hiyo itimizwe.

Lakini nasi tujihoji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Je, itamwondoa mwenye kibanda na kumwacha mwenye jumba? Anayedai haki ugenini, na aanze kuitenda nyumbani.