Begi linalofika Mina

Begi kubwa la hujaji halifiki Mina. Linabaki hotelini Makka, limepigwa kufuli, wakati mwenyewe yuko hemani, kisha kwenye jua la Arafa, kisha amelala chini Muzdalifa akingoja alfajiri. Kinachokwenda naye kwenye siku za hija yenyewe, kuanzia tarehe 8 Mfunguo Tatu hadi 12 au 13, ni kibegi cha mgongoni. Lakini katika nyumba ninazoitwa kusaidia kufunga mizigo huku Lushoto, watu hulishughulikia lile kubwa wiki nzima: linapimwa kwenye mizani ya duka, linafunguliwa, linafungwa tena. Kibegi hukumbukwa siku ya mwisho, na mara nyingi huwa ni cha shule cha mjukuu, zipu yake imekufa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Hija nimeshakwenda, na watu wa mtaani wananijua kwa mambo mawili, kushona vidonda na kusema sana. Leo nasema na familia za mahujaji zaidi kuliko mahujaji wenyewe.

Niwaeleze begi la bibi mmoja wa Soni. Nilimkuta kalikalia ili lifungike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukalie na wewe, uzito wako unatosha."

Tukalifungua badala ya kulikalia. Juu kulikuwa na doti tatu za vitenge na viatu vipya vyenye karatasi ndani bado. Chini yake blanketi, sweta, chupa ya losheni ya kunukia waridi, dagaa waliokaangwa wakafungwa kwenye chombo cha siagi. Unga wa sembe, kilo tano. Begi jingine tupu, limekunjwa, la kurudia na zawadi, na ndani ya begi hilo daftari lenye majina ya ukoo mzima na vipimo vya kanzu. Nikauliza dawa za presha ziko wapi. Akainua unga. Zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, vidonge vya rangi zote pamoja, kwa sababu kijana mmoja wa nyumbani alizitoa kwenye maboksi "zisichukue nafasi".

Unga ulikuwa na nafasi. Dawa hazikuwa nayo.

Bibi yule hakulipanga lile begi. Lilipangwa na waliomzunguka, kila mmoja kwa mapenzi yake: mkwe kaleta dagaa, binti kaleta losheni, wajukuu wameleta vipimo vya kanzu. Anayekwenda kutembea juani ana miaka sabini na kitu, na hakuna aliyemuuliza magoti yanasemaje.

Sisi watu wa milimani joto hatulijui. Juni na Julai huku tunaota moto. Mtu wa Lushoto akishuka Mombo kungoja basi la Dar, anajipepea kwa tiketi na kulalamika kana kwamba ameonewa. Sasa mpeleke mtu huyo Makka. Juni 2024, kwenye eneo la Msikiti Mtukufu, kipimo kilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 katika hija ile, na ikaeleza kuwa asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na vibali, walitembea mwendo mrefu kwenye jua kali bila kivuli wala pa kupumzikia.

Asilimia hiyo nimeisikia ikitumika kujifariji: "Wale hawakuwa na vibali, sisi tunavyo." Kweli, kibali ndicho kifaa cha kwanza cha kujikinga na joto, na yeyote anayekuuzia hija ya bei rahisi bila kibali anakuuzia jua. Kibali ndicho kinachokupa hema lenye kiyoyozi Mina, basi la kukupeleka Arafa na haki ya kuingia kambini. Lakini ipigeni hesabu mpaka mwisho. Wanabaki zaidi ya watu 200 waliokuwa na vibali vyao.

Wengine hujifariji kwa kalenda. Hija inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa hesabu ya miladi, kwa hiyo kuanzia 2026 inaingia mwezi wa Mei na itazidi kusogea kuelekea majira ya ubaridi. Sawa. Lakini mchana wa Mei Makka kupita nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na mwili wa mtu aliyetoka Mlalo hausomi kalenda.

Tena joto la kule si joto la Tanga. Tanga jasho linakushuka, unajiona umelowa, unatafuta maji. Makka hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anaapa hatoki jasho. Wazee ndio wa kuangaliwa zaidi, maana umri hupunguza hamu ya maji. Mzee anaweza kukauka huku anakwambia "sina kiu" naye anasema kweli. Wapo pia wanaojinyima maji makusudi kwa kuogopa foleni za vyoo kambini, hasa akina mama. Kwa hiyo simuulizi mzee habari ya kiu. Namuuliza mkojo wake una rangi gani. Ukiwa kama chai ya rangi, anywe, kiu iwepo isiwepo. Na kwenye kibegi ziwemo paketi za ORS, zile zile tunazowapa watoto wanaoharisha.

Dawa zirudi kwenye maboksi yake, zikiwa na barua ya daktari, na zisafiri mkononi. Dawa kali za maumivu kama tramadol na zile zenye kodeini zinadhibitiwa kule. Usibebe za jirani kwa kumhurumia. Wanaotumia dawa za presha zinazokojoza waende kliniki kabla ya safari wamueleze daktari wanakokwenda, wasijipunguzie wenyewe. Wenye sukari wanaochoma insulini wasikie vizuri: chupa iliyofunguliwa huvumilia takriban wiki nne kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 30. Mfukoni mwa mtu anayetembea Makka mchana ni zaidi ya hapo. Na haiwekwi kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, huko inaweza kuganda au kupotea na begi. Vipo vifuko vya kitambaa vinavyoloweshwa maji, maji yakikauka yanaondoka na joto, kazi ile ile ya mtungi wa nyumbani. Kwenye hewa kavu ya Makka vinafanya kazi vizuri kuliko kule pwani. Mwenye insulini akipata kimoja, kina thamani kuliko doti zote tatu.

Sasa niseme lisilosemwa kwenye semina. Mwanamume akiwa ndani ya ihramu amejifunga shuka mbili zisizoshonwa, na chini yake hana kitu. Atafanya tawafu mizunguko saba. Atafanya sai, safari saba kati ya Safa na Marwa, kila moja kama mita 450, jumla zaidi ya kilomita 3. Mapaja yanasuguana. Siku ya pili unamwona mzee wa heshima, imamu wa watu, anatembea miguu kaitanua na uso kaukunja, na hasemi, kwa sababu ataanzia wapi? Nimewafunga bandeji wanaume waliovumilia mpaka ngozi ikatoka, wakaniomba nisiwaambie wake zao. Dawa yake ni kopo dogo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yapakwe kabla ya kutoka. Yasiyo na harufu nasisitiza, kwa kuwa manukato hayaruhusiwi kwenye ihramu. Losheni ya waridi ya bibi wa Soni ilibaki Soni. Sabuni nayo iwe hivyo hivyo. Wanawake wao wanavaa nguo zao za kawaida za stara, kwa hiyo skintaiti ya pamba chini ya baibui inawatosha.

Halafu miguu. Kiatu cha hija hakitakiwi kuwa kipya. Kinatakiwa kiwe kimekwenda sokoni, shambani na msibani, kimekwisha kugombana na mguu wakapatana. Na kibegi kiwe na mfuko mwepesi wa kamba wa kubebea ndala, kwa sababu ukiziacha mlangoni mwa Msikiti Mtukufu kuna uwezekano mkubwa usizikute. Ndani, kwenye uwanja wa tawafu, utatembea peku bila shida: yale mawe meupe ni marumaru ya kisiwa cha Thassos, Ugiriki, yanayorudisha mwanga wa jua, hata adhuhuri hayachomi. Mtu anatoka pale ameridhika, ndala hazionekani, anasema hoteli si mbali. Lami ya nje si marumaru. Mwenye sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi anaweza kuungua asijue mpaka aone malengelenge jioni, na kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari ni habari ya miezi.

Wanaume wengi hudhani mwavuli hauruhusiwi kwenye ihramu. Mimi si sheikh, ila masheikh wote niliowauliza wananiambia kinachokatazwa ni kofia au kilemba, kitu kinachokaa juu ya kichwa chenyewe. Mwavuli ni kivuli. Ulizeni wenu. Uwe mweupe au wa rangi ya kung'aa, mwepesi, wa kukunja.

Ongezeni na chupa ya kunyunyizia maji, ile ya saluni, pamoja na kipepeo cha ukili. Msicheke. Kwa mtu aliyepigwa na joto, kitanda maalumu cha kupoza mwili kilichobuniwa kwa ajili ya mahujaji wa Makka hufanya jambo hilo hilo: ukungu wa maji unanyunyiziwa mwilini huku hewa ikipulizwa juu yake, maji yakauke na kuondoka na joto. Kipepeo cha nyumbani hakitamponya aliyezimia na kuanza kuweweseka. Huyo ni wa hospitali, upesi, mkimpepea njiani. Lakini kwa mwenzako aliyeanza kuona kizunguzungu kwenye foleni ya basi, kinasaidia sana.

Maji ya kunywa huko hayakupi shida, yapo kila kona, na hilo lina wenyewe waliolihangaikia zamani sana. Bibi Zubeda, mke wa Khalifa Harun Rashid, alitoa mali yake kuwachimbia mahujaji mfereji wa maji zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Yule mama alijua mzigo ambao hujaji hawezi kuubeba mwenyewe. Sisi wenzake tunampa hujaji sembe, ilhali kikundi chake kimeshalipia mpishi.

Zawadi nazo nitasema, hata kama nitanuniwa. Misala ile ile, tasbihi ile ile na tende zile zile zinauzwa Kariakoo. Mtu akishatoka Muzdalifa hajalala, miguu imevimba, ndiyo mnataka aingie sokoni kuwatafutia kanzu za vipimo kumi na viwili? Daftari la bibi tulilichana mbele ya wanawe. Mmoja alinuna, akanuna kweli, mpaka chai akakataa. Bibi mwenyewe alicheka.

Na kuna kitu ambacho hakiingii kwenye begi lolote. Mwili hujifunza joto. Ukiupa wiki moja mpaka mbili za kutembea kwenye joto kila siku, jasho huanza kutoka mapema zaidi, chumvi inayopotea hupungua, moyo haupigi mbio kama siku ya kwanza. Watu wa pwani wana sehemu ya somo hilo tayari. Sisi hatuna, na kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi Makka siku kumi kabla ya hija hakutupi. Ushauri wangu, ambao huchekwa kila ninapoutoa, ni kwamba hujaji wa Usambara ashuke Mombo au Korogwe, akae kwa ndugu, kila siku atembee, aanze asubuhi na taratibu asogee kuelekea mchana, baada ya kupimwa presha na moyo. Nauli ya kushuka Mombo ni ndogo kuliko bei ya viatu vipya.

Bibi wa Soni alikwenda. Alikaa kwa mdogo wake Mombo, akaniletea malalamiko ya mbu zaidi kuliko ya jua. Sweta lake nilimwachia, kwani ndani ya ndege na mabasi ya kule kiyoyozi hakina huruma.

Waandaaji wa semina za mahujaji, hasa za huku milimani, nawaomba hivi. Semina zenu ni nzuri kwa nia, dua na talbiya, na zote hufanyika ukumbini, watu wamekaa kwenye viti. Nipeni saa moja, baada ya adhuhuri, nje. Kila mtu aje na kibegi chake mgongoni, kikiwa kimepakiwa kama cha siku ya Arafa, na ndala zile zile atakazosafiri nazo. Tutatembea kutoka msikitini hadi stendi na kurudi, mwavuli mkononi, chupa ya maji kila mmoja na yake. Tukirudi nitafungua vibegi kimoja kimoja, na wanaume nitawakabidhi kwa muuguzi mwenzangu wa kiume awaeleze habari ya mafuta ya mgando.