Wana Isiolo, Hati Kwanza, Jiji Baadaye

Ndugu zangu wa Isiolo, mji wenu umeposwa. Tangu mpango wa taifa wa Ruwaza ya 2030 uzinduliwe mwaka 2008 na Isiolo kutajwa kuwa jiji la utalii, wachumba hawajaacha kubisha hodi. Machi 2012 mradi wa LAPSSET ukazinduliwa kule Lamu, ukiahidi reli, bomba la mafuta na barabara kuu za kupita hapa. Lami ikafika Moyale, na uwanja wa ndege ukajengwa. Sipingi hata moja kati ya hayo. Aliyewahi kwenda Marsabit juu ya lori la ng'ombe, akashuka mweupe kwa vumbi, hawezi kuilaani lami.

Lakini lami hiyo na uwanja huo ni jasho la mlipa ushuru. Je, bei ya ardhi iliyopanda kwa sababu ya hayo inaingia mfukoni mwa nani?

Mara nyingi si mwenyeji, na chanzo cha balaa hilo ni karatasi. Kuanzia Kulamawe hadi Kiwanjani na Mwangaza, wengi wanashika barua ya mgao tu, hati miliki hawana. Tena ploti moja huweza kuwa na barua mbili au tatu. Baadhi ya familia zilizohamishwa kupisha uwanja wa ndege zilionyeshwa ploti mpya, zikafika zikakuta zina wenyewe. Mwenye barua tu benki haimkopeshi, na kortini hana nguvu. Dalali akimjia na fedha taslimu, huuza kwa bei ya hofu. Mwaka ukipita, ploti ile ile inauzwa tena kwa bei asiyoweza kuigusa.

Wala si mwenye ploti tu anayeumia: tazameni akina mama wa maziwa ya ngamia. Maziwa hukamwa alfajiri, huletwa mjini kwa mitungi, hukusanywa na kupakiwa kwenye basi la Nairobi kabla jua halijayaharibu. Biashara hiyo yataka mama akae karibu na stendi, na ngamia wapate malisho karibu na mji. Msukume mama huyo mbali, uyazungushie malisho seng'enge, na riziki yake imekatika ingawa hakuna aliyemfukuza kwa rungu.

Mpangaji naye hana pa kukimbilia. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba humlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno. Siku hizi ni wangapi wapatao nyumba ya heshima kwa kodi hiyo? Ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa.

Kuna watakaosema: mali ni ya mwenyewe, na auze apendavyo. Kweli, ila auze kwa hiari, si kwa kutishika. Na ipo njia ya kati. Miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, walikubaliana ardhi iwe ya jamii na nyumba iwe ya mtu, ili tajiri wa mbali asije akanunua mtaa mzima. Njia hiyo ina taabu zake, kwani wapo watakao hati ya peke yao. Lakini yafaa tuijadili.

Basi, viongozi wa kaunti, pimeni ploti na kuhakikisha hati zimetolewa kabla ya mradi mwingine kuanza. Bandikeni orodha ya wenye ploti hadharani, kila mtu aisome. Nyumba zijengwazo kwa makato ya asilimia 1.5 ya mishahara yetu zimfikie pia mwuza maziwa na mwendesha boda boda. Nanyi wafugaji, sajilini ardhi yenu chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ikishasajiliwa, haiuzwi bila theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa kukubali. Isiposajiliwa, hata fidia yake hushikwa na kaunti kwa niaba yenu. Wenye nyumba, pandisheni kodi kwa kiasi, mkikumbuka kuwa mpangaji wa leo ndiye mteja wa duka lenu.

Na wewe msomaji, ukiitwa kwenye kikao cha mpango wa mji, usimwachie diwani peke yake. Nenda na barua yako, mchukue na jirani, mkadai vigingi vipigwe kabla ya tingatinga kuwashwa.