Kitasa janja Karatu: mwenye gesti anunue, mwenye familia aanze na fremu

Dereva wa watalii wa Karatu hutoka nyumbani alfajiri ili lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi limkute tayari kwenye foleni. Safari ikiunganisha Ngorongoro na Serengeti, huenda asirudi kwa siku tano au sita. Ufunguo wa nyumba auache kwa nani? Kwa dada wa kazi? Kwa jirani? Au aufiche juu ya fremu ya mlango, mahali pale pale ambapo mwizi hupapasa kwanza? Ni swali dogo, lakini ndilo linalowafanya wengi watamani vitasa janja, vile vinavyofunguka kwa namba ya siri, alama ya kidole, kadi au simu.

Nyanda hizi zina historia ndefu ya kutafuta usalama wa nyumba. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ndani ya mteremko wa kilima, paa likakaribia kulingana na ardhi, ili wavamizi wa mifugo wapite bila kuziona. Huko juu, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, boma la Wamaasai hufungwa jioni kwa matawi ya miiba dhidi ya fisi na simba. Ulinzi wa kweli wa boma ni watu, kwa kuwa kila anayelala humo anamjua mwenzake. Karatu mjini mambo ni mengine. Kuna wapangaji wasiojuana, wageni wa usiku mmoja na vibarua wa msimu, na hapo ndipo udhaifu wa ufunguo wa chuma unapoonekana.

Ufunguo wa kawaida hunakiliwa kwa dakika chache kwa fundi wa barabarani. Mpangaji akihama, hakuna ajuaye ameondoka na nakala ngapi. Mwenye nyumba muungwana angebadilisha kitasa kila mpangaji anapohama, lakini ni wangapi hufanya hivyo? Kwa kitasa janja, namba ya aliyehama inafutwa na mpya inawekwa papo hapo. Mwenye gesti naye hana haja ya kukesha akimsubiri mgeni ambaye gari lake limeharibika kwenye mlima wa Mto wa Mbu. Anamtumia namba ya usiku mmoja, na kesho yake inakufa. Vitasa vingi pia hutunza kumbukumbu ya nani alifungua na saa ngapi, na hilo huwaepusha wahudumu na shutuma za bure kitu kinapopotea.

Hofu kwamba wananchi hawataiweza teknolojia hii haina msingi. Mtu anayeingiza tarakimu 20 za umeme wa LUKU gizani, tena akaikariri namba ya siri ya pesa za simu, hashindwi na tarakimu sita za mlango.

Alama ya kidole ndiyo yenye shida. Watanzania wanakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 na kufika ukomo Januari 2020. Wazee na watu wa kazi za mikono walifuta vidole kwenye nguo, wakabonyeza tena na tena, na mashine ikawakataa. Chukua kidole gumba cha mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Ngozi ya nchani imekomaa, mistari imesuguliwa na mpini wa jembe, na udongo umejaa kwenye nyufa ndogo ndogo. Kidole hicho kikiwekwa kwenye kioo cha kitasa chenye ukubwa wa sarafu, taa nyekundu inawaka. Masika, mikono ikiwa imelowa, hata kidole cha karani kinaweza kukataliwa. Kwa hiyo kitasa kinachotegemea kidole peke yake hakifai hapa.

Wengi huuliza umeme ukikatika itakuwaje. Vitasa vingi vya nyumbani havitegemei umeme wa TANESCO. Hutumia betri, mara nyingi nne, zinazodumu kwa miezi kadhaa, na hutoa ishara zinapoelekea kuisha. Vingi vina sehemu ya nje ya kugusisha betri ndogo au kuchomeka pawabenki ili mlango ufunguke. La kuogopwa ni kufuli la sumaku, lile linaloning'inia juu ya mlango wa ofisi au wa nyumba za kupanga. Hilo huachia umeme unapokatika, na lisipokuwa na betri ya akiba, nyumba inabaki wazi.

Intaneti ni jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na huduma ya intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Kitasa kinachosubiri ruhusa kutoka kompyuta iliyo ng'ambo kingemwacha mtu nje ya mlango wake siku kama ile. Ya ng'ambo nayo yana mafunzo. Agosti 2017 kampuni ya Kimarekani ya LockState ilituma masasisho yasiyo sahihi, na vitasa takriban 500 vikaacha kupokea namba. Vingi vilikuwa kwenye nyumba za kupangisha wageni, na waliokuwa na ufunguo wa chuma ndio walioingia kama kawaida. Mapema mwaka huo huo iliripotiwa kwamba wahalifu wa mtandaoni waliiteka mifumo ya kompyuta ya hoteli ya Romantik Seehotel Jägerwirt, kwenye milima ya Austria, ikashindwa kutengeneza kadi mpya za milango. Hoteli ililipa fidia, na mmiliki wake akatangaza kwamba anafikiria kurudi kwenye funguo za kawaida.

Halafu kuna mlango wenyewe. Mtu hununua kitasa kwa bei ya vitasa kadhaa vya kawaida, akakifunga kwenye mlango wa mbao laini ambao fremu yake imeshikiliwa na misumari michache. Teke moja la mwizi linaing'oa fremu, na kitasa kinabaki kizima kimewaka taa yake. Mbao isiyokauka vizuri huvimba masika, ulimi wa kitasa ukagonga ukingo wa tundu badala ya kuingia, na mota inahangaika hadi betri inakwisha. Fundi mwenye patasi na tupa anarekebisha hilo kwa muda mfupi. Fremu imara, bamba la chuma kwenye tundu la ulimi na dirisha lenye grili ndivyo vinavyostahili fedha ya kwanza ya familia. Kitasa janja kije baadaye, tena kiwe chenye ufunguo wa chuma, kinachofanya kazi bila intaneti, na kinachofunguka kwa mpini tu kutoka ndani moto ukitokea.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni mamlaka ambayo kitasa hiki humpa mwenye nyumba. Akiwa Arusha, kwa kubonyeza simu, anaweza kumfungia nje mama mwenye watoto kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja. Anaweza pia kujua kila saa mpangaji anapotoka na kurudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu, na alama ya kidole ni miongoni mwa taarifa nyeti kabisa. Basi wenye nyumba wa Karatu wanaofunga vitasa hivi waandike kwenye mkataba nani anaona kumbukumbu za mlango na lini alama za vidole zitafutwa, na siku ya kukabidhi chumba wampe mpangaji ufunguo wa chuma mkononi.