Tahadhari ya Kalunguta isipite mlango mmoja

Neno la Kifaransa "hôpital" lina kofia juu ya herufi o. Kwa msomaji, kofia hiyo si kitu. Kwa mtambo unaotuma ujumbe mfupi wa simu, kofia hiyo ni pesa. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160, na orodha yake ya herufi inazijua é na è, lakini haizijui ô wala ê. Ikiingia moja tu kati ya hizo, nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 unakatwa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Ukiandikwa kwa Kiswahili, kwa neno "hospitali", unabaki kipande kimoja.

Jambo hili dogo linapaswa kujulikana na kila anayepanga namna ya kutoa tahadhari katika eneo la afya la Kalunguta, kati ya Butembo na Beni. Siku hizi ujumbe unaotumwa kwa watu wengi kwa mara moja hautumwi na mtu aliyeshika simu. Unapitia kwenye majukwaa ya mawasiliano, kama Twilio ya San Francisco au Africa's Talking ya Nairobi. Mtengeneza programu anaandika mistari michache, kompyuta za kampuni hiyo zinaupeleka ujumbe kwa mashirika ya simu, nayo yanaufikisha kwa wateja wao. Kazi ambayo zamani ingehitaji mikataba na kila shirika la simu inakamilika kwa siku chache.

Ubaya ni kwamba majukwaa haya hayakai mahali pamoja. Kila mara yanatangaza mabadiliko: huduma mpya, bei mpya, huduma ya zamani kufungwa. Desemba 2023 Twilio ilitangaza kwamba itafunga huduma yake ya video. Wateja wakaanza kutafuta pa kuhamia, na mwaka 2024 kampuni ikabadili uamuzi na kuibakiza. Tangu 1 Julai 2025, WhatsApp imebadili namna ya kuzitoza kampuni na taasisi: zamani zililipia mazungumzo, sasa zinalipia ujumbe mmoja mmoja. Mfanyabiashara wa mjini anaweza kubeba mabadiliko ya aina hiyo. Ofisi ya afya yenye bajeti iliyopitishwa mwanzoni mwa mwaka inaweza kujikuta imeishiwa pesa katikati ya dharura.

Na dharura huko si hadithi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa 1 Agosti 2018 ulipita Mangina, Beni, Kalunguta, Katwa na Butembo, na haukutangazwa kumalizika hadi 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuugua, na 2,287 walikufa. Kila aliyemgusa mgonjwa alipaswa kufuatiliwa siku 21. Kazi hiyo inategemea habari zinazokwenda na kurudi: nani amepata homa, nani amehama kijiji, nani hajaonekana leo.

Katikati ya mlipuko huo, 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na ujumbe mfupi nao ukazimwa. Karibu siku 20 zilipita kabla ya huduma kurudi. Jukwaa lolote, liwe zuri namna gani, halikuweza kusaidia chochote katika siku hizo. Somo lake ni wazi: tatizo linaweza kutoka San Francisco, na linaweza kutoka Kinshasa.

Wapo wanaosema suluhisho ni WhatsApp, kwa sababu vijana wa Butembo wote wako huko. Kuna ukweli ndani yake. Picha ya karatasi ya rufaa inafika kwa sekunde, na sauti ya Kinande inamfikia asiyejua kusoma. Lakini WhatsApp inataka simu ya kisasa, intaneti na umeme wa kuichaji. Mhudumu wa afya wa jamii, yule ambaye vijijini anaitwa reko, mara nyingi ana simu ndogo ya vibonyezo. Ujumbe mfupi unaifikia simu hiyo bila intaneti. Anayejenga mfumo wa tahadhari kwa kufuata tangazo la huduma mpya anamwacha nje mtu anayemhitaji kuliko wote.

Wengine watasema basi Kongo ijenge jukwaa lake lenyewe. Hilo ni gumu na ghali, wala si lazima. Upo mfano wa karibu. RapidPro, programu ambayo UNICEF iliitoa mwaka 2014 pamoja na kampuni ya Nyaruka ya Kigali, ni ya wazi: yeyote anaweza kuichukua na kuiendesha. Inaweza kutuma kupitia Twilio, kupitia shirika la simu la nchini, au hata kupitia simu ya kawaida ya Android yenye laini ya Vodacom, Airtel au Orange. Njia moja ikifungwa au ikipanda bei, nyingine inawashwa, na orodha ya watu haipotei.

Ndiyo maana uongozi wa mkoa na washirika wake wa afya wanapaswa kudai mambo manne kabla ya kusaini mkataba mwingine wowote. La kwanza, mfumo wa tahadhari uwe na angalau njia mbili za kutuma, na moja iwe ya shirika la simu la hapa nchini. La pili, ARPTC iyatake mashirika ya simu yatoe nambari moja fupi ya bure kwa ajili ya afya, inayofanya kazi kwenye mitandao yote. Ujumbe unaotoka kwa jina badala ya nambari hauwezi kujibiwa, na tahadhari isiyojibiwa ni nusu ya tahadhari. La tatu, nambari hiyo isizimwe hata kama serikali itaamua kuzima mengine. La nne, ujumbe uandikwe kwa Kiswahili na Kinande, na redio za Butembo na Beni zipewe maneno yaleyale wakati uleule.

Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 Januari 2025, uongozi wa mkoa wa Kivu Kaskazini umekuwa ukifanya kazi kutoka Beni. Kutoka hapo hadi Kalunguta ni safari fupi tu kwenye barabara ya taifa nambari 2. Hakuna haja ya kusubiri mlipuko mwingine ili kujaribu. Utumwe ujumbe mmoja leo kwa kila reko, kwa kila njia iliyopo, kisha wahesabiwe walioupata na walioweza kuujibu. Hesabu hiyo itawaambia viongozi mengi kuliko tangazo lolote la kampuni.