Ridhaa ya mzazi katika tathmini za shule: funzo la Busia kwa pande zote mbili za mpaka

Mwalimu anapotilia shaka uwezo wa mtoto wa kusoma, kusikia au kutulia darasani, hatua inayofuata huwa ni tathmini. Kuanzia Petta na vijiji vingine vya wilaya ya Tororo nchini Uganda hadi kaunti ya Busia nchini Kenya, hatua hiyo inaibua swali moja: nani aulizwe kwanza, na aulizwe vipi?

Sheria zinasemaje

Nchini Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kukusanya taarifa za mtoto bila ridhaa ya awali ya mzazi, mlezi au mtu mwingine mwenye mamlaka ya kumwamulia. Ridhaa hiyo haihitajiki pale tu taarifa zinapotakiwa ili kutimiza sheria, au kwa ajili ya utafiti na takwimu.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, iliyopitishwa mwaka huohuo, nayo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na inaongeza sharti kwamba taarifa zitumike kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Hata hivyo, inawaruhusu wale wanaotoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa watoto pekee kuendelea bila ridhaa hiyo.

Msamaha huo una busara yake, kwani mtoto anayeteswa nyumbani hapaswi kunyimwa msaada na yuleyule anayemtesa. Lakini neno "pekee" lina uzito. Shule haitoi ushauri nasaha tu. Mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi yakishageuka kuwa maswali yenye alama, ripoti na faili, ni vigumu kudai kwamba mzazi hahusiki.

Sheria hii imeanza kuuma. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Ikiwa picha ina gharama hiyo, ripoti kuhusu akili ya mtoto haiwezi kuchukuliwa kwa wepesi.

Daftari la mwalimu mkuu

Busia inao ushahidi wa nini hutokea ridhaa inapodaiwa kwa karatasi peke yake. Mwaka 1998 mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza upande wa Kenya, ukihusisha shule 75. Mwanzoni mikutano ya wazazi iliitishwa, mradi ukaelezwa, na asiyetaka mtoto wake apewe dawa akatakiwa kumwarifu mwalimu mkuu. Kuanzia Januari 1999, kwa pendekezo la Wizara ya Afya, kila mzazi alitakiwa kutia saini, kwa kawaida katika daftari lililowekwa shuleni.

Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, waliouchunguza mradi huo, waliandika mwaka 2004 kwamba safari ya kwenda kutia saini ilikuwa mzigo kwa kaya nyingi. Baadhi ya wazazi huenda walisita kukutana na mwalimu mkuu kwa sababu walikuwa na deni la karo.

Dawa ya minyoo si tathmini ya kisaikolojia, lakini mlango ni uleule. Mzazi aliyekwepa daftari hakuwa amekataa dawa; alikuwa amekwepa aibu. Shule ikihesabu ukimya wake kuwa ni kukataa, mtoto wa maskini ndiye atakayekosa msaada. Ikiuhesabu kuwa ni kukubali, haki ya mzazi itakuwa imepotea.

Lugha inayoeleweka

Katika Petta, mzazi huzungumza Kidhopadhola nyumbani. Kwingineko mpakani husikika Kisamia na Kiteso. Fomu ya Kiingereza haimwambii mengi. Hata neno "tathmini" laweza kusikika kama mtihani wa kufaulu au kushindwa, na "saikolojia" likadhaniwa kuwa ni habari za wazimu. Kwa Kiswahili tunatofautisha idhini na ridhaa: idhini ni ruhusa, ridhaa ni kukubali kwa moyo baada ya kuelewa. Saini huthibitisha ya kwanza. Ya pili huhitaji mazungumzo.

Mzazi anastahili kuelezwa mambo manne: kwa nini mtoto wake amechaguliwa, nani atamtathmini na kwa lugha gani, nani ataiona ripoti, na msaada gani utafuata. Jambo la lugha si dogo. Mtoto anayepimwa kwa lugha asiyoimudu anaweza kuandikiwa udhaifu usio wake.

Pale wazazi wanapofanya kazi Kampala au Nairobi, bibi anayemlea mtoto asirudishwe nyumbani. Sheria ya Uganda inamtambua mlezi.

Na mzazi akikataa? Mwalimu bado anaweza kumketisha mtoto mbele, kumrudia somo na kumpa muda zaidi wa kusoma. Huo ni ufundishaji wa kawaida, na hauhitaji saini ya mtu. Mzazi anayeona mwanawe akisaidiwa ana sababu ya kurudi shuleni kusikiliza tena.