Saa 2,000 za Kumtazama Mtu

Darasani tulipofika kwa B. F. Skinner, wengi wetu tulimhukumu haraka. Mtu aliyekana uhuru wa utashi, tena waziwazi katika kitabu chake cha 1971, atatufundisha nini?

Lakini tuwatazame warithi wake. Kule Marekani, anayetaka cheti cha mchambuzi wa tabia husoma shahada ya uzamili, hufanya kazi chini ya msimamizi saa 1,500 hadi 2,000, mara nyingi na watoto wenye usonji, ndipo afanye mtihani. Huzoezwa kuandika alichokiona, si anachokidhani: nini kilitangulia, mtoto akafanya nini, nini kikafuata.

Na sisi, katika utume wetu wa Jumapili parokiani? Mtoto akipiga kelele wakati wa mageuzo, tunamkazia mama yake macho. (Tumefanya hivyo, tukiri.)

Hata hivyo tunalo la kuwauliza. Mtoto akizoezwa kutulia kwa zawadi, nani ameamua kuwa utulivu huo ni kwa mema yake? Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiita fadhila mazoea, ila mazoea ya kuchagua. Tungependa swali hilo liingie katika saa zao. Na katika zetu pia, kabla mama yule hajaacha kuja Misa.